Namna ya kupeleka maoni ya hospitali na kazi kwenye kikao cha kaunti yakaandikwa

Nauza mahamri na mbaazi nje ya lango la kituo cha afya cha wadi yetu, huku Pwani ya Kenya, tangu kifungua mimba wangu akiwa darasa la tatu. Leo yuko chuo. Foleni ya kituo kile naijua kwa sura na kwa sauti. Saa kumi na moja alfajiri mafuta yangu hayajapata moto na wa kwanza washafika, wamekaa juu ya leso chini ya mkwaju, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki imefungwa kwenye pindo la kanga isipotee.

Miaka kadhaa nyuma tuliomba jengo la wazazi. Kikao kilikuwa kwenye uwanja wa shule, na kila aliyepewa kipaza sauti alisema lile lile: tunataka pahali pa kina mama kujifungulia. Kaunti ikajenga. Jengo likaja zuri, paa la buluu, vigae vyeupe, vitanda sita vikiwa bado ndani ya karatasi zake. Kisha likatiwa kufuli miezi kumi na minne. Hapakuwa na maji ya bomba, na hapakuwa na muuguzi wa zamu ya usiku hata mmoja. Nilipomuuliza afisa aliyekuja kukagua, alinifungulia faili. "Mama, soma mwenyewe. Mliomba jengo." Na kweli, maneno ya watu zaidi ya mia yalikuwa yamekuwa mstari mmoja: Wakazi wanaomba jengo la wazazi. Maji hayakuandikwa, muuguzi hakuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyeyataja.

Wakati huo huo binti wa jirani yangu, aliyehitimu uuguzi pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, alikuwa anakaanga viazi karai kando ya barabara. Kutoka kibandani kwake hadi kwenye lile kufuli ni mwendo wa dakika tano.

Ndipo chama chetu cha akina mama kikaamua kujifunza jinsi maoni yanavyotembea kutoka mdomoni mwa mtu hadi kwenye kitabu cha bajeti. Haya ndiyo tunayofanya sasa. Tumeyarudia miaka minne, mengine yametushinda, mengine yametufaa.

Ujue kwanza ni mlango wa nani

Watu wengi huenda kulia kwa chifu. Chifu ni mzee wetu na tunamheshimu, lakini chifu ni wa serikali kuu, na zahanati si yake. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iligawa kazi. Kaunti ilipewa zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi, masoko, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali kuu ikabaki na sera ya afya na hospitali kubwa za rufaa za taifa, kama Kenyatta pale Nairobi na Moi pale Eldoret, pamoja na polisi, shule za msingi na za sekondari. Kwa hivyo neno la muuguzi au la dawa lipeleke kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi wako, na kwa idara ya afya ya kaunti. Usipoteze nauli kwenda kwingine.

Jambo la pili ni ngazi ya hospitali yako. Ngazi ya kwanza ni wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Ya pili ni zahanati, ya tatu kituo cha afya, ya nne hospitali ya kaunti ndogo, ya tano hospitali ya rufaa ya kaunti, ya sita zile za taifa. Ukisimama kuomba chumba cha upasuaji kwenye zahanati ya ngazi ya pili, ombi litaanguka pale pale hata mkiwa elfu moja, kwa sababu ngazi ile haina upasuaji. Omba muuguzi wa pili, jokofu la chanjo, tangi la maji. Au omba zahanati ipandishwe iwe kituo cha afya, na useme kwa nini.

Tarehe ndizo zinazotushinda

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Watu hukumbuka hospitali mwezi wa Juni, mvua ikinyesha na mbu wakizidi. Juni kitabu kimeshafungwa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka siku. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Hapo ndipo mradi mpya unapoingia. Taarifa ya sera ya fedha inafika kabla ya tarehe 28 Februari, na hiyo ndiyo inayogawa kila idara ipate ngapi. Makadirio ya bajeti yanafika kabla ya tarehe 30 Aprili, na bunge la kaunti linatakiwa limalize kabla ya Juni kwisha. Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Jambo lisilokuwemo humo lina kazi kubwa kupenya.

Sisi tumezibandika tarehe hizi ndani ya mlango wa kibanda changu. Mwezi wa Agosti tunauliza mpango wa mwaka, Februari tunauliza mgao, Aprili na Mei tunakwenda na karatasi mkononi. Mwenye nafasi ya safari moja tu kwa mwaka, nitamwambia aende ule wa Agosti. Mwezi wa Mei unaweza kuongeza muuguzi kwenye kituo kilichopo, lakini kuanzisha jambo jipya ni vigumu sana, fedha zishagawanywa.

Matangazo ya vikao hutoka magazetini, redioni, kwenye tovuti ya kaunti, na karatasi hubandikwa ofisi ya wadi. Kwetu iliwahi kubandikwa Jumatatu kwa kikao cha Jumatano. Ndiyo maana tumempa kijana mmoja wa boda boda kazi ya kupita ofisi ya wadi kila Ijumaa kutazama ubao. Anapita hapo kila siku hata hivyo, na anatupigia picha kwa simu.

Daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi.

Afisa wa kaunti akisikia "tunateseka" anaitikia kwa kichwa, kisha anasikia "tunateseka" ya wadi ya pili, na ya tatu, na zote zinafanana. Akisikia "katika siku kumi na nne, mama saba wenye uchungu walifika usiku wakakuta lango limefungwa, na hizi hapa tarehe zake," anashika kalamu. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

Tulianza kwa kumwendea msimamizi wa kituo. Tulikwenda watu watatu, tukamwambia wazi kwamba hatuji kumshtaki, tunataka kumsaidia kuomba watu. Alinyamaza kidogo, kisha akatutolea kiti. Wauguzi wenyewe wamechoka, wanaandika ripoti kila mwezi, na sauti ya wakazi wanaihitaji. Ukimfanya muuguzi adui, umepoteza shahidi wako wa kwanza.

Daftari letu ni la shilingi hamsini. Kila siku ina mistari mitano. Watu wangapi wamefika kabla ya mlango kufunguliwa. Wangapi wameondoka bila kuhudumiwa. Dawa gani imekosekana, mtu akaambiwa akanunue nje. Maji na umeme vilikuwepo au havikuwepo. Na nani amepelekwa rufaa, saa ngapi, kwa chombo gani, kwa nauli ya shilingi ngapi. Jina la mgonjwa hatuandiki, wala ugonjwa wake. Ni siri yake, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda habari za watu. Tunaandika "mama, saa nane usiku, boda boda, shilingi 800." Mchana safari hiyo hiyo ni 300.

Zamu za usiku tuligawana. Yangu ilikuwa Alhamisi. Nilikaa na mlinzi, taa moja inawaka, na kama saa nane na robo nikasikia pikipiki. Msichana mdogo alikuwa katikati, mama mkwe nyuma amemkumbatia, leso imewafunga wote wawili pamoja na dereva ili msichana asianguke uchungu ukimshika. Mama mkwe alikuwa na kiatu mguu mmoja. Kile kingine kilikuwa kimedondoka njiani na hawakuthubutu kusimama. Mlinzi akawaambia hapana mtu. Dereva hakuzima hata injini, akageuza akashika barabara ya hospitali kubwa, kilomita ishirini na mbili za vumbi na mawe. Niliandika mstari wangu mkono ukitetemeka. Msichana alifika, akajifungua salama, na mtoto huyo huja na mamake kununua mahamri. Lakini kwenye daftari nilichoandika ni saa, chombo na nauli. Ndicho kinachosomeka kwenye meza ya bajeti.

Mkihesabu, msihesabu vitanda peke yake. Watu wakitaja uwezo wa hospitali hutaja vitanda, na hata wanasiasa wakifungua jengo hutaja vitanda. Tulikuwa na vitanda sita vipya na uwezo wa kumzalisha mama usiku ulikuwa sifuri. Uwezo ni mtu wa zamu, maji, umeme pamoja na jenereta yenye mafuta, dawa, damu na oksijeni kwa ngazi zinazostahili, na gari la kumtoa mgonjwa mambo yakizidi. Kimoja kikikosekana, vingine vinakaa bure. Mzigo wa huku chini hupanda juu: mama ambaye angejifungulia kituoni kwetu analala kwenye hospitali ya kaunti, na mgonjwa mzito wa hospitali ya kaunti anasukumwa hadi hospitali kuu ya Pwani pale Mombasa, ambayo inapokea watu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Nikiomba muuguzi wa usiku wadini kwetu, ninamwombea nafasi pia mtu wa Hola aliye kwenye foleni ya Mombasa. Hoja hiyo iseme kikaoni. Inaonyesha kwamba hujaja kwa ajili ya kijiji chako tu.

Wala usisahau mwaka 2017. Wauguzi waligoma tangu Juni mpaka Novemba, miezi mitano, nchi nzima. Majengo yote yalikuwepo. Aliyeishi miezi ile akiwa na mtoto mgonjwa hahitaji kuelezwa hospitali ni nini.

Kazi za wenyeji

Vijana wetu wakija kikaoni wanauliza kazi, na wana haki. Ila ombi la "tunataka kazi kwa wenyeji" linakufa kama lile letu la jengo. Litenganishe.

Kuna kazi za kuajiriwa na kaunti. Hizo zinapita kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, zinatangazwa, na kuomba ni bure. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili akampa mtu aliyejiita karani ili mwanawe awe mfagizi wa hospitali. Kazi haikuonekana, na mtu yule simu yake haishiki tena. Yeyote anayetaka pesa ya "kusukuma faili" mkimbie na umtaje kwa wenzako. Na vijana wajue pia kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiokuwa wa kabila lililo kubwa katika kaunti. Mimi nakubaliana nayo. Muuguzi wetu wa chanjo ametoka Kisii, na watoto wa wadi hii wanamwita shangazi. Kwa kazi ya utaalamu naomba mtu mwenye cheti na moyo, atoke atokako. Kwa mlinzi, mfagizi, mpishi na mtunza bustani nasema waziwazi watoke wadini, kwa kuwa hakuna sababu ya kuwasafirisha kutoka mbali na vijana wetu wamekaa.

Ukiomba wauguzi, utajibiwa kwamba mishahara imefika kikomo. Jibu hilo lina ukweli: kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na kaunti nyingi zimepita hapo. Usikae chini. Uliza swali la pili: katika wafanyakazi wa kaunti walioajiriwa mwaka huu, wangapi ni wa afya na wangapi wako maofisini? Kisha la tatu: kuna kituo gani chenye wauguzi wengi kuliko wagonjwa, ambako mmoja anaweza kuhamishiwa hapa? Sisi muuguzi wetu wa kwanza wa usiku tulimpata kwa njia ya kuhamishwa, bila hata shilingi moja mpya ya mshahara.

Kuna kazi za ujenzi. Mradi ukija wadini, vibarua watatoka wapi? Liseme kabla ya mkandarasi kupatikana, likaandikwe kwenye masharti. Akishafika na watu wake kwenye lori umechelewa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango unaojulikana kama AGPO. Vilevile inaitaka kaunti iwatengee wakazi wake angalau asilimia 20. Lakini kikundi kisichosajiliwa hakipati kitu. Kwa hivyo kabla ya kupiga kelele, vijana wafungue kikundi, wapate namba ya ushuru na akaunti ya benki, waombe cheti cha AGPO. Kupeleka maziwa na mboga hospitalini, kushona shuka, kufua, kukata nyasi, hizo ni zabuni ndogo ambazo kikundi cha kijijini kinaziweza. Chama chetu kimeshona mapazia ya jengo la wazazi. Malipo yalichelewa miezi saba na tulikaribia kugombana wenyewe kwa wenyewe, hilo nalo nawaambia mjue. Msikope kwa riba kali mkitegemea hundi ya kaunti.

Na kuna wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 nchi ilizindua takriban 100,000, kila mmoja na begi na simu yake, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Ni kidogo. Ila wanaopita nyumbani kupima shinikizo la damu la wazee wetu ndio hao, na nusu ya kaunti ikichelewa wao ndio wanaolala njaa. Fungu lao litaje kikaoni kila mwaka. Wenyewe huona haya kulitaja.

Karatasi yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Ukizidi, hausomwi wote. Kiswahili kinatosha kabisa, ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba. Asikubabaishe mtu kwamba lazima iwe Kiingereza. Juu weka tarehe, jina la wadi, na maoni yanahusu kitabu gani cha bajeti. Kisha ombi, sababu, na unachotaka kionekane. Yetu ya mwaka wa pili ilikuwa hivi, nimetoa tu jina la kituo:

"Sisi wakazi tuliotia saini hapa chini tunaomba katika makadirio ya mwaka ujao, idara ya afya, kituo chetu kitengewe: wauguzi wawili wa zamu ya usiku; tangi la maji la lita 10,000 pamoja na bomba la kuliunganisha; na mafuta ya ambulensi ya kaunti ndogo kwa miezi yote kumi na miwili. Jengo la wazazi lipo na vitanda sita vipo. Katika siku kumi na nne tulizohesabu, mama tisa walifika usiku, na saba kati yao walikwenda kwa boda boda kilomita 22. Daftari limeambatishwa. Tunaomba pia kazi ya kuchimba mtaro wa bomba ifanywe na vibarua wa wadi. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Mambo matatu yanayohusu kituo kimoja, na moja la kazi. Mwaka wa kwanza tuliandika mambo kumi na tisa, pamoja na barabara, soko, taa za mtaani na uwanja wa mpira. Hakuna hata moja lililoingia. Chagueni. Kuchagua kunauma, maana barabara ya upande wa kina fulani itasubiri, na mtalaumiana. Sisi tulikaa jioni mbili chini ya mwembe kulimaliza hilo, tukaapa kwamba mwaka unaofuata ni zamu ya barabara, na tukatimiza.

Siku ya kikao na baada yake

Nendeni mapema, kwa sababu walio nyuma huishiwa na muda. Tieni saini kwenye daftari la mahudhurio, na kila mtu aandike kijiji chake. Pale panapouliza maoni yake yanahusu nini, msiseme tu "afya", andikeni "wauguzi wa usiku". Wasemaji wawe wawili, mmoja asome ombi, mwingine asimulie jambo moja alilolishuhudia. Dakika mbili zinatosha. Kama mwenye kuongoza anaanza na vijana wa kiongozi fulani na wanawake wanaachwa mwisho, inua mkono na umwambie kwa adabu, "Bwana mwenyekiti, na sisi wa mkeka huu tumefika saa mbili."

Watu watadai nauli au soda. Sisi tulikubaliana kutodai chochote. Aliyekununulia soda atakuja kukuambia cha kusema.

Beba nakala tatu. Moja ya karani wa kikao, moja ya mwakilishi wadi, moja irudi nyumbani ikiwa imepigwa muhuri wa ofisi na tarehe. Bila muhuri mtaambiwa hamkuleta. Nilisubiri muhuri ule mara moja tangu saa saba hadi saa kumi jioni, mbaazi zangu zikachacha, na sijutii.

Makadirio yakitoka, tafuteni fungu lenu. Kitabu ni kikubwa, mara nyingi kwa Kiingereza, na orodha ya miradi ya kila wadi huwa kwenye kurasa za nyuma. Mwombeni mwalimu au kijana wa chuo awasomee. Msitosheke kuona jina la kituo, tazameni ni nini kimeandikwa mbele yake: ujenzi, ukarabati, au watumishi. Kama fungu limetoka kwenye bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka, hilo pia uliza, kwa maana ndiko miradi hupotelea kimyakimya.

Mkikosa jibu, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, husemi sababu, na kuiwasilisha hulipi, labda gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Jambo likiwa la uhai wa mtu, saa 48. Wakikaa kimya, lipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, ambayo ina ofisi Mombasa pia. Malalamiko ni bure. Njia nyingine ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kwa kifungu cha 37 cha Katiba, likapelekwa kwa karani wa bunge. Tulilitumia mara moja kuhusu dawa za kisukari, na kamati ya afya ikaja yenyewe hadi kituoni. Na Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila baada ya miezi mitatu inayoonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani katika kila idara. Ripoti hizo ziko wazi kwa kila mtu. Ukienda kikaoni na namba ya humo, mkutano mzima hugeuka kukutazama.

Kamati ya kituo nayo msiiache kwa wazee wale wale. Tangu ile sheria ya Oktoba 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya, pesa ambazo hospitali na kituo vinakusanya zinabaki hapo hapo kutumika, na kamati yenye wakazi ndani yake ndiyo inayokaa juu ya mpango wa matumizi. Ulizeni mkutano wake ni lini, nani anawawakilisha, na pesa za robo hii zimenunua nini. Mimi niliingia mwaka jana. Jambo la kwanza nililoomba ni karatasi ya mapato ibandikwe ukutani karibu na dirisha la dawa, na iko pale mpaka leo, imechorwa kwa kalamu ya wino mwekundu.

Jengo lilifunguliwa. Wauguzi wa usiku ni wawili, wa pili aliajiriwa kwa tangazo la bodi, akahojiwa kama wengine, na kibanda cha viazi karai sasa kinaendeshwa na mdogo wake. Maji yanafika siku nne kwa wiki. Kwa hivyo daftari la mwaka huu lina mstari mmoja tu kwa kila siku: mitungi mingapi imebebwa kichwani kutoka kisimani hadi chumba cha kujifungulia, na ni nani aliyeibeba. Jana ilikuwa kumi na moja.